Damu ndani ya fuvu pale sumu inaposhukiwa

Habari ya "damu kwenye ubongo" ikitoka mlangoni mwa mochari, huwafikia jamaa waliosimama nje ikiwa imeshageuka: alipigwa. Polisi nao wakisikia hivyo huanza kumtafuta mpigaji. Mara nyingi hawakosei, maana kichwa kilichogongwa ndicho chanzo kikubwa cha damu ndani ya fuvu. Lakini zipo sumu zinazovujisha damu kwenye ubongo bila mkono wa mtu kuinuliwa. Zipo pia sumu zinazoua huku damu inayoonekana ikiwa imeletwa na jambo jingine kabisa. Ukiishika damu hiyo bila kuuliza iko wapi, ni ya namna gani na ina umri gani, unaweza kumfunga asiye na hatia, au ukamzika aliyelishwa sumu kana kwamba amefariki kwa presha.

Tuanze na mahali. Damu iliyo kati ya mfupa na utando mgumu uitwao dura karibu kila mara ni ya pigo: mfupa umepasuka na mshipa unaopita chini yake umekatika. Iliyo chini ya dura hutoka kwenye vijishipa vinavyovuka kutoka ubongoni kwenda kwenye utando huo, na hapa ndipo mlevi wa miaka mingi anapoponzwa. Ubongo wake umenywea, vijishipa vimebaki vimevutika, na ini lililochakaa kwa pombe halitengenezi vizuri protini za kugandisha damu. Akijikwaa kizingitini, inatosha. Damu iliyotandaa juu ya ubongo mzima, chini ya utando mwembamba, yaweza kuwa ya uvimbe wa mshipa uliopasuka. Iliyo ndani ya nyama ya ubongo wenyewe ndiyo yenye mengi ya kusema kuhusu sumu, na tutaifikia.

Kabla ya hapo, lazima ujue kama damu hiyo ilivuja mtu akiwa hai. Msumeno wenyewe huleta damu. Kofia ya fuvu inapong'olewa, vijishipa hukatika na damu hutandaa juu ya ubongo. Hiyo ni ya majimaji, haijashika utando, na hufutika kwa sponji iliyoloa. Damu ya mtu aliyekuwa hai huwa imeganda na kung'ang'ania. Ikikaribia wiki moja au zaidi, upande wa dura huanza kuota ngozi nyembamba ya rangi ya hudhurungi. Ndiyo maana mwenye kuchunguza hukata mfupa pole pole, hupiga picha pamoja na rula kabla ya kugusa chochote, kisha hukusanya bonge lote, akalipima kwa mililita na kwa gramu. Ripoti inayosema "damu nyingi" haimsaidii hakimu.

Bonge lililo chini ya dura halitupwi. Damu ikishavuja na kuganda pale haizunguki tena mwilini, kwa hiyo hubaki na kiwango cha pombe au dawa kilichokuwamo wakati ilipovuja. Mtu akianguka amelewa, akalala wodini siku nzima kisha akafariki, damu ya mguuni itaonyesha pombe kidogo au hakuna kabisa, na bonge litaonyesha alichokuwa nacho alipoanguka. Gramu chache za bonge hilo, ndani ya chupa yake yenyewe iliyoandikwa wazi, zimewahi kubadilisha kesi nzima. Na bado kuna makafani mengi yanayoliosha kwa mpira wa maji.

Mwili uliotoka kwenye moto una mtego wake. Joto kali huchemsha damu na kuisukuma kati ya mfupa na dura, ikaonekana kama ya pigo. Damu hiyo ni ya rangi ya chokoleti au ya matofali na imejaa vitundu kama mkate wa sinia uliokatwa. Tena mfupa ulio juu yake huwa umeungua, na ukiipima damu hiyo huwa na hewa ya ukaa (ile ya moshi wa makaa, kaboni monoksidi) kwa kiwango kinachokaribiana na kile cha damu ya sehemu nyingine za mwili. Bonge la pigo lililotangulia moto halitakuwa na hewa hiyo, au litakuwa nayo kidogo sana.

Sasa methanoli, pombe ya viwandani. Hii ndiyo sumu ambayo kila anayefungua fuvu nchini Kenya anapaswa kuijua kwa undani. Mwaka 2000 pombe haramu iliyochanganywa nayo iliua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi. Mwaka 2005 msiba kama huo ukawakumba watu wa Machakos, na Mei 2014 ukapita kaunti kadhaa kwa mpigo, Embu, Kitui na Kiambu zikiwamo. Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga. Pwani tuna mnazi wetu, na mnazi safi hauna shida hii. Shida huja na chupa isiyojulikana ilikotoka, au na muuzaji anayekoleza kinywaji kwa spiriti ya viwandani ili kiwe kikali haraka.

Methanoli yenyewe haina ukali mkubwa. Ini huigeuza kuwa formaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, na hiyo asidi ndiyo inayoua. Huzuia chembe za mwili kutumia oksijeni hata kama damu imejaa oksijeni, na sehemu zinazokula nishati kwa wingi huumia kwanza: mshipa wa fahamu wa jicho na viini vya ndani ya ubongo. Kwa kuwa ugeuzaji huo huchukua muda, mnywaji huamka salama, akaenda kazini, kisha baada ya saa 12 hadi 24 akaanza kutapika, kuona ukungu mweupe machoni na kuhema kwa nguvu. Akiwa amekunywa pia pombe ya kawaida, muda huo hurefuka zaidi, kwa sababu ini hushughulikia kwanza ethanoli na kuiacha methanoli ikingoja. Hii ndiyo sababu mashahidi husema kwa kiapo kwamba "kinywaji kilikuwa sawa, tulilala vizuri", nao wanasema kweli.

Ndani ya ubongo, methanoli hupenda kiini kiitwacho putameni, kimoja kila upande. Ubongo ukikatwa vipande vya sentimita moja moja kutoka mbele kwenda nyuma, kipande kinachopita kwenye vinundu viwili vidogo vya chini ya ubongo, viitwavyo mamilari, huwa karibu na mahali pa kuangalia. Putameni zote mbili huwa laini, zimepoteza rangi, na ndani yake kuna madoa au ziwa la damu, kulia na kushoto kwa ulinganifu. Huo ulinganifu ndio wa kushika.

Tatizo ni kwamba presha nayo hupasua mshipa hapo hapo. Putameni ndiyo sehemu inayovujiwa zaidi na damu ya presha, na mwanamume wa miaka 50 anayekunywa kila siku anaweza kuwa na mambo yote mawili. Damu ya presha kwa kawaida ni ya upande mmoja, bonge kubwa linalosukuma ubongo uvuke mstari wa katikati, mara nyingine likapasukia ndani ya vyumba vya maji ya ubongo. Basi usiishie kichwani. Pima moyo: ukizidi gramu 400 na ukuta wa chumba cha kushoto ukiwa mnene, presha ilikuwepo. Angalia figo kama ngozi yake ina chembechembe. Moyo wa kawaida, figo laini, na putameni mbili zilizooza kwa pamoja, hapo unaelekea kwenye methanoli.

Wengine husema damu hiyo ya putameni huletwa na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inayotumika mgonjwa anaposafishwa damu kwa mashine. Inaweza kuzidisha hali, lakini damu kwenye putameni imeonekana pia kwa waliokufa bila kufika kwenye mashine, kwa hiyo hoja hiyo peke yake haitoshi.

Jambo linalowaponyoka wengi ni muda. Putameni huhitaji muda ili kuoza na kuvuja. Aliyekufa saa chache baada ya dalili kuanza anaweza kuwa na ubongo uliovimba tu, bila tone la damu, ilhali jirani yake aliyekunywa chupa ile ile akadumu siku nne wodini ana madimbwi mawili ya damu. Kukosekana kwa damu hakuifuti methanoli. Na aliyesafishwa damu hospitalini anaweza kufika mochari akiwa hana methanoli hata kidogo, kwa sababu mashine imeitoa, ingawa ndiyo iliyomuua. Hapo dawa ni moja: kabla hujashika kisu, piga simu maabara ya hospitali alikolazwa na uulize kama bomba la damu la siku ya kwanza bado lipo kwenye friji. Maabara hutupa mabaki baada ya siku chache. Bomba hilo lina thamani kuliko chochote utakachochota mwenyewe.

Hewa ya ukaa hukaribiana na methanoli kwa mahali, lakini si pale pale. Jiko la makaa lililoachwa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, au jenereta kwenye stoo isiyo na dirisha, hushambulia palidumu, kiini kilicho ndani zaidi kuelekea katikati, pande zote mbili. Nayo huhitaji siku kadhaa; aliyekutwa amekufa asubuhi huwa na damu ya rangi ya waridi na vidoa vidogo vya damu kwenye sehemu nyeupe ya ubongo, basi. Kwa ngozi nyeusi rangi hiyo haionekani mgongoni kama vitabu vya Ulaya vinavyosema. Ifuate kwenye kucha, fizi, ndani ya kope, na kwenye misuli ya kifua unapoikata. Kumbuka pia kwamba friji ya mochari huweza kuipa maiti yoyote rangi ya waridi, kwa hiyo rangi pekee si ushahidi, pima damu.

Sumu ya panya nayo lazima iulizwe ni ipi. Kinachouzwa kwa jina hilo kwenye vibanda na kwa wachuuzi chaweza kuwa fosfidi ya zinki, chaweza kuwa dawa ya wadudu ya shambani iliyofungashwa upya, na chaweza kuwa kizuia-kuganda cha jamii ya brodifakumu. Ni huyu wa mwisho tu anayevujisha damu kwa kazi yake. Huzuia vitamini K isirudi kazini, na ini likakosa kutengeneza vigandishi. Vigandishi vilivyokuwamo kwenye damu huisha kidogo kidogo, ndiyo maana damu huanza kutoka baada ya siku mbili au tatu, wakati watu wameshasahau alichokula. Warfarini ya wagonjwa wa vali za moyo hufanya vivyo hivyo, ila brodifakumu hukaa mwilini kwa wiki na hata miezi. Mwaka 2018 kule Illinois, Marekani, watu zaidi ya 150 walianza kutokwa damu baada ya kuvuta bangi bandia iliyochanganyika nayo, na baadhi wakafa.

Anayekufa kwa sumu hii haonyeshi damu ya ubongo peke yake. Fizi, figo, utumbo, viungo vya magoti, misuli ya tumbo, kila mahali kuna damu iliyovilia, nyingi kuliko mikwaruzo ya ngozi inavyoweza kueleza. Ukiona damu chini ya dura na ukaona pia figo zimezungukwa na damu, acha kufikiria rungu. Usijisumbue kupima mgando wa damu ya maiti, maana hauna maana tena baada ya kifo. Peleka ini, ambako sumu yenyewe hujikusanya.

Nyoka ni wa kundi hili hili. Moma, na zaidi yake yule nyoka wa mitini aitwaye boomslang, huharibu mgando. Mwaka 1957 mtaalamu wa nyoka Karl P. Schmidt wa Chicago aling'atwa na boomslang mdogo, akaandika dalili zake mwenyewe, na siku iliyofuata akafa. Uchunguzi ulikuta damu kwenye mapafu, macho, moyo, figo na ubongo. Alama za meno zinaweza kuwa mbili ndogo kidoleni, na mtu akaletwa kama aliyeanguka kutoka mnazini. Mkague vidole vyote, na katikati ya vidole vya miguu.

Kwa aliye hai kuna kipimo ambacho zahanati yoyote ya Kwale au Kilifi inaweza kukifanya. Chukua mililita 2 za damu ya mshipani, mimina kwenye kibomba cha kioo kipya, kikavu na safi, kiache bila kukigusa dakika 20, kisha kiinamishe mara moja. Damu ikimwagika kama maji, mgando umeharibika. Kibomba cha plastiki hakifai, na kilichooshwa kwa sabuni hakifai, kwa sababu vyote viwili huchelewesha damu kuganda na kukupa jibu la uongo. Dawa ya boomslang ni ya peke yake, hutengenezwa Afrika Kusini. Ile ya mchanganyiko wa nyoka wengi haimgusi.

Unga wa heroini, ambao umetafuna vijana wengi wa Mombasa, kwa kawaida hauleti damu kwenye ubongo. Utakuta mapafu mazito yenye povu na ubongo uliovimba. Ukikuta damu kwa mtu wa sindano, fungua vali za moyo: uchafu wa vali zenye maambukizi husafiri hadi kwenye mishipa ya ubongo, ukaidhoofisha ukuta na kuipasua. Kokeini na jamii ya amfetamini ni hadithi tofauti, huko presha hupanda ghafla na kupasua mshipa uliokuwa na udhaifu. Kwa kijana wa miaka 25 mwenye damu ya ghafla kichwani na bila jeraha, ukikuta uvimbe wa mshipa uliopasuka usifunge jalada. Mkojo upimwe bado.

Madini ya risasi, si risasi ya bunduki, hayawezi kuachwa kwenye makala ya Mombasa. Owino Uhuru, huko Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha madini hayo kwenye udongo na kwenye damu za watoto, na Phyllis Omido aliyepigania haki ya wakazi alitunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Ubongo wa mtoto mwenye risasi nyingi huvimba sana na huweza kuwa na vidoa vya damu kuzunguka mishipa midogo. Vidoa hivyo havina saini ya risasi. Tuma damu, na kipande cha mfupa.

Vidoa vya damu kwa jumla hudanganya. Aliyekosa hewa kwa sababu yoyote anavyo, wa dawa za wadudu anavyo. Mlevi asiyekula huwa navyo kwenye vinundu vya mamilari kwa kukosa vitamini B1, na hiyo ni njaa ya mwili, haihusiani na sumu ya siku ile. Damu iliyo katikati ya shina la ubongo, kwa mtu ambaye ubongo wake umevimba na kusukumwa chini, ni matokeo ya msukumo huo; kuiita chanzo cha kifo ni kosa.

Yote hayo hayana maana sampuli zikiharibika, na hapa Pwani huharibika kwa njia mbili: joto na dawa ya maiti.

Dawa inayodungwa ili mwili usioze ina formalini, na karibu kila mara ina methanoli pia. Maiti ikishadungwa, kesi ya methanoli imekufa: chochote maabara itakachokuta, wakili atasema kimetoka kwenye dawa, na atakuwa na haki. Kwa hiyo kifo chenye shaka hakidungwi dawa hadi sampuli zitoke, hata jamaa wakisihi kwamba safari ya bara ni ndefu. Joto nalo huwapa bakteria nafasi ya kutengeneza ethanoli ndani ya maiti. Mwili uliokaa nje usiku mmoja wa Februari unaweza kuonyesha pombe ambayo marehemu hakuinywa. Ukipata ethanoli kwenye damu lakini hakuna kwenye maji ya jicho wala mkojo, fikiria bakteria.

Damu ichukuliwe kwenye mshipa wa paja, mililita 10 au zaidi, baada ya kuufunga upande wa juu. Ya moyoni hupokea dawa zinazorudi kutoka kwenye ini na tumbo baada ya kifo. Iwekwe fluoridi ya sodiamu, dawa ya kuihifadhi, ya asilimia 1 hadi 2. Bomba la kifuniko cha kijivu la hospitali limewekewa kama robo ya asilimia tu, linatosha kwa kipimo cha sukari, kwa kesi ya wiki kadhaa halitoshi. Maji ya jicho yavutwe pole pole kwa sindano kutoka pembe ya nje, macho yote mawili, mililita 2 hadi 3 kila moja, kisha maji ya kawaida yarudishwe ili jicho lisibonyee mbele ya jamaa. Mkojo wote uliopo. Ini gramu 50 hadi 100. Kilichomo tumboni, kikiwa kimepimwa chote kwanza. Chupa zijazwe hadi juu, kwa kuwa methanoli hukimbilia kwenye nafasi iliyo wazi na kupotea kifuniko kikifunguliwa. Ngozi isipanguswe kwa spiriti. Nyuzi joto 4, muhuri, jina, tarehe, namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na saini ya kila mkono uliopokea hadi dirisha la Mkemia wa Serikali, ambaye ana maabara Mombasa.

Kisha kuna ubongo wenyewe. Vitabu husema utundikwe kwa uzi ndani ya ndoo ya formalini ya asilimia 10, wiki mbili, ndipo ukatwe. Ubongo mbichi ni laini na viini vyake huvurugika chini ya kisu, kwa hiyo vitabu vina hoja. Lakini Mombasa familia inataka kuzika leo, kabla ya alasiri ikiwezekana, na kuzika bila ubongo bila kuambiwa ni dhuluma. Naona kusema ukweli ndiko kufupi zaidi. Waelezwe kabla, si baada. Wakikataa ndoo, ubongo upoe vizuri kwenye friji kwanza, ukatwe kwa kisu kirefu chenye makali, picha zipigwe za kila kipande pande zote mbili, na vipande vidogo vya kama sentimita 2 vichukuliwe: putameni na palidumu za kulia na kushoto, hipokampasi, ubongo mdogo, shina, na mshipa wa fahamu wa jicho, ambao kwa methanoli huonyesha uharibifu nyuma tu ya jicho lenyewe. Sehemu iliyobaki hurudishwa ndani ya fuvu. Mkato wa kichwa upite nyuma ya masikio na ushonwe kwa mishono ya karibu karibu, maji yasipite, kwa sababu waosha maiti wataumwagia maji na sanda ni nyeupe.

Na siku ile ya kwanza ripoti isiandike zaidi ya kilichoonekana. "Damu kwenye putameni zote mbili, kulia mililita 6, kushoto mililita 4, moyo gramu 310, hakuna jeraha la ngozi ya kichwa wala la mfupa, chanzo cha kifo kinasubiri matokeo ya maabara" ni maneno yanayoweza kusimama kortini miaka mitatu baadaye. Matokeo yakirudi, ripoti ya pili huandikwa na kuambatanishwa na ya kwanza, bila kuifuta. Polisi hupewa nakala zote mbili, na afisa wa uchunguzi aambiwe kwa mdomo siku hiyo hiyo kama kinachoshukiwa ni methanoli, kwa sababu waliokunywa naye bado wanaweza kuwa majumbani mwao, ndani ya zile saa 24, wakidhani wana uchovu tu.